Bi Sabah na Timu ya Tano

Jumamosi ile Bi Sabah alibandika pilau mapema kuliko desturi yake, kwa sababu wageni waliokuwa wakija walikuwa wa Bi Lamya, na Bi Lamya hakuwa mgeni. Wasichana wa vyuo vingine wakija Wattaya kucheza mpira wa kikapu, Bi Sabah huwapikia kwa heshima. Wasichana wa Chuo cha Kadi cha Bawshar, ambako msimamizi ni Bi Lamya, huwapikia kwa raha. Alikaanga vitunguu mpaka vikaiva rangi ya tende, akatia hiliki kwa mkono usiopima, kisha akamwambia Nakabugo:

"Mfuniko usiukaze. Bi Lamya akiukuta umekazwa ataubomoa."

"Huyo mama," Nakabugo akajibu, "hata salamu yake inapitia kwa sufuria kwanza."

"Na atasema nini?"

"Atasema chumvi haijafika."

Wakacheka. Kwa miaka kumi na minane Bi Lamya alikuwa akiingia moja kwa moja katika jiko lile dogo nyuma ya ukumbi wa michezo, abaya yake kaikunja mkononi, anafunua sufuria, anachota kijiko kimoja na kusema chumvi haijafika. Haikuwa kweli hata siku moja. Bi Sabah naye humjibu, "Imefika, ulimi wako ndio haujafika," na hapo ndipo mchezo unapokuwa umeanza, hata kama refa bado hajapuliza filimbi.

Chuo chenyewe ni Chuo cha Rayhani, chuo kidogo cha wasichana nyuma ya maduka ya magari ya Wattaya, mjini Muscat, mahali ambapo magari mapya yanang'aa nyuma ya vioo na wanaoyatazama ni wengi kuliko wanaoyanunua. Katika karatasi za chuo Bi Sabah ni msimamizi wa basi. Alikuja Muscat na wazee wake kutoka Unguja akiwa na miaka saba, akasoma mpaka akamaliza msingi, kisha mama yake akaugua na yeye akabaki nyumbani kumuuguza. Mpira hakuwahi kuurusha. Lakini mwaka wake wa kwanza chuoni wasichana watano walimjia, wakamwita khala kama mama mdogo wao, wakamwambia, "Khala Sabah, wazee wetu wanasema hatuchezi mpaka pawe na mtu mzima wa kukaa nasi." Akasema, "Kukaa najua." Akakaa na tasbihi yake pembeni mwa uwanja. Mpaka leo amekaa, na timu imekuwa yake kama mtoto aliyeachiwa mlangoni.

Wa kufundisha alikuwa Nakabugo, msafishaji wa chuo, binti wa Kiganda aliyecheza kikapu shuleni kwao Masaka. Siku moja alikuwa akifagia ukumbi, mpira ukamjia miguuni. Aliuokota kwa mkono mmoja, ufagio bado uko katika mkono wa pili, akaurusha, ukaingia bila kugusa chuma. Wasichana walipiga kelele mpaka bawabu akaja mbio. Tangu hapo, ikifika saa kumi za jioni Nakabugo huvua glavu zake za mpira, na msafishaji anakuwa mwalimu.

Sasa ili mambo yaeleweke, lazima isemwe habari ya ligi. Vyuo vya wasichana vilikuwa na ligi mbili. Ligi Kuu ni ya vyuo vikubwa: ukumbi wa baridi, wadhamini, picha zinazozagaa katika simu za watu. Ligi ya Jumamosi ni ya vyuo vidogo, na hiyo waliianzisha Bi Sabah na Bi Lamya kwa miguu yao, wakibisha hodi chuo hadi chuo. Ndio wao walioweka sharti kwamba mwenyeji lazima amlishe mgeni baada ya mchezo, aliyeshinda na aliyeshindwa katika sinia moja. Vyuo vilikuwa sita. Mwaka uliopita kimoja kikavutwa na Ligi Kuu, kikaondoka hata kwaheri hakikuaga. Vikabaki vitano, na kanuni ya kamati inayosimamia ligi zote mbili inasema ligi yenye timu chini ya tano haitambuliwi. Haina refa, haina vyeti, haina msimu. Kwa hivyo akitoka mmoja tu, wote wamekwisha.

Wiki ile ile chuo cha sita kilipoondoka, Bi Sabah alikwenda Bawshar kwa Bi Lamya. Walikuwa wakisukuma chapati.

"Shoga," akauliza Bi Lamya, "na sie wakituita?"

"Wakituita sote, tunakwenda sote. Wakimtaka mmoja, haendi mtu."

"Haendi mtu. Tusome Fatiha."

Wakainua mikono ile ile yenye unga, wakaisoma Fatiha mpaka mwisho, wakajipangusa nyuso, wakabaki na unga kwenye pua, wakachekana. Hawakuandika kitu. Nani anaandika baada ya Fatiha? Kwa watu kama wao mchumba huposwa kwa Fatiha, ugomvi huzimwa kwa Fatiha, safari haianzi bila Fatiha. Kumtaka mwenzio karatasi juu yake ni kumwambia kwamba Mungu aliyeshuhudia hatoshi. Na zaidi ya hayo, mama yake Bi Sabah alipofariki, aliyeshika kata ya maji ya kumkoshea alikuwa Bi Lamya. Mtu wa namna hiyo humwandikishi.

Baada ya miezi kadha simu ikalia. Alikuwa Hatem, katibu wa Ligi Kuu, kijana mwenye adabu ambaye mama yake pia ni wa huko huko Unguja.

"Khala Sabah, shikamoo. Kuna nafasi moja kwetu msimu ujao. Kamati imependa timu yako."

"Marahaba, mwanangu. Moja?"

"Moja tu."

"Na Kadi?"

"Kadi hawamo katika mazungumzo, khala."

"Basi na sie hatumo. Mie na Bi Lamya tumesoma Fatiha."

"Fatiha, khala?"

"Fatiha, baba. Allah akulipe kheri kwa kutukumbuka."

Alimweleza mkuu wa chuo, Ustadh Saeed, naye akaridhika, kwani ligi kubwa ina gharama kubwa. Lakini Bi Sabah hakumwambia Bi Lamya. Alichelea yasije yakawa masimbulizi. Wema ukishautaja mbele ya uliyemtendea, umeutia mchanga.

Basi ndiyo hiyo Jumamosi. Mchezo ulikuwa uanze saa kumi. Saa kumi ikafika, adhana ilishapita, wasichana wa Rayhani walishasali na kuvaa, wanarusha mpira kupasha miguu. Mmoja tu hakuwepo: Alaa, nahodha. Asubuhi alileta ujumbe kwamba ana homa. Bi Sabah alishamtengea bakuli lake la pilau, kalifunika kwa kitambaa, dereva ampelekee nyumbani kwao baada ya mchezo.

Saa kumi na nusu basi la Kadi halijaonekana. Bi Sabah akapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena.

"Labda gari imeharibika," akasema Nakabugo.

"Ingeharibika angepiga yeye. Bi Lamya akikwamwa na mwiba wa samaki hunipigia mie kwanza, daktari baadaye."

Akapiga mara tisa. Mara ya kumi simu ilikuwa imezimwa. Hapo moyo wake ukaanza kusoma Yasini bila yeye kuuamrisha. Aliwaza ajali. Aliliwaza lile basi jeupe limelala ubavu barabarani, akamwomba Mola awasitiri watoto wa watu.

Nakabugo alikuwa amesimama mlangoni anatazama simu yake. Nankya, rafiki yake anayesafisha kule Kadi, alikuwa amemtumia kitu. Aliitazama simu, akamtazama Bi Sabah, akaitazama tena.

"Mama, kaa kwanza."

"Nani kafa?"

"Hakuna mtu amekufa. Kaa tu, Mama."

Akakaa juu ya gunia la mchele. Katika ile simu palikuwa na picha. Ukumbi mkubwa, bendera ya Ligi Kuu, na wasichana wa Kadi wamepanga safu mbili katika jezi mpya za kijani, majina yao yameandikwa kifuani. Katikati amesimama Bi Lamya katika abaya ya rangi ya zambarau. Kitambaa cha abaya ile walikichagua pamoja, na Bi Sabah ndiye aliyemwambia, "Hiki kitakupa sura ya mwenye shughuli." Kweli kimempa.

"Leo," akasema Nakabugo taratibu. "Nankya anasema ni leo, saa hii. Wametangazwa."

Bi Sabah alikuwa hajamaliza kutazama. Kidole chake kilifika safu ya pili, kikasimama.

"Huyu si Alaa?"

"Ni yeye. Nankya anasema amehamia kwao. Wamempa nafasi ya kusoma bure."

"Na homa?"

"Imepona, Mama."

Nje wasichana walikuwa wakiendelea kurusha mpira, wanahesabu kwa sauti. Bi Sabah aliusikiliza ule mdundo. Ilikuwa nafuu angepata habari ya ajali, akawaza, na papo hapo akaomba maghufira kwa wazo lile, kwa sababu roho za watoto hazilinganishwi na aibu ya mtu mzima. Lakini lilishapita moyoni, na yeye alijua limepita.

Akainuka, akajifunga vizuri shela yake, akatoka ukumbini.

"Wageni hawaji," akawaambia. "Tandikeni. Tutakula."

"Kwa nini hawaji, Khala?"

"Mtajua. Kwanza kuleni. Chakula hakina kosa."

Walipokwishakula, dereva akaja kuchukua bakuli la Alaa. Nakabugo akalikumbatia.

"Mama! Hili bakuli mimi ninalimaliza hapa hapa ukiniona."

"Lipeleke."

"Kwa msaliti?"

"Nishatia nia, Nakabugo. Nlipolifunika nlisema, hili la Alaa. Sirudi nyuma mie. Wanaorudi nyuma leo wanatosha."

Bakuli likaondoka na dereva.

Siku ya pili, Jumapili, Ustadh Saeed alimwita ofisini. Alikuwa mtu mpole, hakupandisha sauti.

"Bi Sabah, ligi yenu imebaki na timu nne. Kamati imeshatuandikia. Pasipo ligi hapana timu, na ule ukumbi nauhitaji wa mitihani. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi."

"Wasichana kumi, Ustadh."

"Watasoma. Si ndilo lililowaleta?"

Nyumbani, mumewe Mzee Mahfoudh, aliyestaafu wizarani na sasa kazi yake ni magazeti na kikohozi, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mla nawe hafi nawe, bibi."

"Ila mzaliwa nawe," akamalizia Bi Sabah. "Na mie nlidhani huyu nimezaliwa naye."

Bi Lamya alikuja Jumanne baada ya Alasiri. Alibisha hodi. Katika miaka kumi na minane hajawahi kubisha hodi pale. Huanza kusema tangu ngazini. Safari hii alisimama mlangoni na mfuko wa halwa mpaka akaambiwa karibu. Mzee Mahfoudh alimwamkia, akaenda chumba cha pili, akaanza kukohoa.

Bi Sabah akamimina kahawa.

"Umekonda, shoga," akasema Bi Lamya.

"Kahawa hiyo, isipoe."

"Nlitaka kukwambia. Wallahi nlitaka. Mambo yalikuja ghafla."

"Jezi zenye majina hushonwa ghafla?"

Bi Lamya akaangalia kikombe. "Ningekwambia niseme nini? Mkuu wetu kaniita. Kanambia, Bi Lamya, nafasi hii ukiipoteza, basi na weye tafuta pengine pa kukaa. Nna miaka mitatu nistaafu, Sabah. Mitatu. Nnakwenda wapi?"

"Ungenambia hivyo hivyo, ningekwambia nenda."

"Usingesema."

"Ningesema. Ningelia kwanza, kisha ningesema. Tungeirudisha Fatiha pamoja kama tulivyoisoma pamoja. Lakini umeniacha nakupikia. Nimekaa juu ya gunia nakuombea usiwe umekufa."

Kikohozi cha chumba cha pili kikanyamaza.

Bi Lamya alitoa leso, akajifuta, kisha sauti yake ikageuka kidogo, ikawa kama ya mtu aliyepata pa kushika. "Na hata hivyo nafasi ile uliikataa mwenyewe. Hatem kanambia. Rayhani walikuwa wa kwanza kuulizwa, wakakataa. Nikasema, kama mwenzangu haitaki..."

"Alikwambia nimekataa."

"Ndiyo."

"Alikwambia kwa nini?"

Ilikuwa rahisi kusema hapana. Bi Sabah mwenyewe alikuwa akimwombea aseme hapana. Bi Lamya alikizungusha kikombe mara mbili juu ya kisahani, akakitua.

"Alinambia," akasema.

Gari lilipita chini, mtu akapiga honi, likaenda zake. Bi Sabah alihisi kama mtu aliyekuwa akibeba kitu kizito kwa ajili ya mwenziwe, anageuka na kumkuta mwenziwe yuko nyuma anakitazama kinavyobebwa.

Kisha Bi Lamya akaingiza mkono katika mfuko, chini ya halwa, akatoa karatasi. Hapo ndipo Bi Sabah alipojua kwamba halwa ilikuja kuifunika ile.

"Ni ya Alaa," akasema Bi Lamya. "Mchezaji akihama, msimamizi wa alikotoka lazima aweke sahihi. Bila sahihi yako atakaa msimu mzima hachezi. Mtoto wa watu, Sabah. Na mie nimefikiri jambo jengine. Tuunganishe. Wale wanne wako hodari waje kwetu, tutaandika majina ya vyuo vyote viwili, Rayhani na Kadi. Jina lako halitapotea."

"Na sita waliobaki?"

"Waliobaki... watasoma."

"Ustadh Saeed naye kasema hivyo hivyo. Mmesoma chuo kimoja?"

Aliichukua fomu. Shetani hakai mbali na mtu aliyeumizwa, na wakati ule alikaa karibu sana, akamwonyesha Alaa ameketi kwenye benchi mwaka mzima katika jezi yake ya kijani, ana homa yake ya uongo. Ni kalamu tu isiyoandika. Hakuna ambaye angemlaumu. Bi Sabah alizivuta shanga za tasbihi, moja, mbili, tatu, mpaka ile sura ikaondoka. Alaa alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa dereva wa lori mwenye watoto wanane, na alipewa masomo ya bure. Aliyempanga katika safu ya pili ni mtu mzima.

"Kadi mna wasichana wangapi sasa?" akauliza.

"Na Alaa, kumi na saba."

"Ligi Kuu inachukua wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Kwa hivyo watano wanakaa."

"Watakaa, ndiyo. Ndio mpira."

"Uwanjani wanacheza wangapi, Lamya?"

Bi Lamya akahesabu kwa vidole, akafika tano. Alikuwa ameelewa. Miaka kumi na minane si kidogo.

"Timu ya pili," akasema polepole.

"Timu ya pili ya Kadi. Ibaki Ligi ya Jumamosi. Nne na moja ni tano. Waongeze wawili wa akiba, vyuoni wasichana hawakosekani. Wangu wanabaki kumi. Atakayetaka kwenda kwako aje aniage mwenyewe kwa mdomo wake, nitamtilia sahihi. Sigawi watoto kama nyama ya sadaka."

"Mkuu wetu hatakubali."

"Mwambie weye. Weye ndiye unayejua kuzungumza naye."

Bi Lamya alitazama fomu, akatazama dirisha. Mwisho akashusha pumzi. "Haya. Nitamwambia, na nitahakikisha. Inshallah." Akasogea mbele ya kiti, akainua viganja vyake viwili kama alivyofanya siku ya chapati. "Tusome Fatiha."

Mikono ya Bi Sabah ilibaki mapajani.

Bi Lamya alingoja, viganja viko hewani, kama mwombaji mbele ya mlango uliofungwa.

"Andika," akasema Bi Sabah.

"Niandike nini?"

"Hayo uliyosema. Andika na tarehe, utie na sahihi. Karatasi nnayo."

Akainuka mwenyewe akaenda kuleta daftari na kalamu. Bi Lamya aliandika huku machozi yakidondoka, mstari wa pili ukachafuka, akauandika tena. Bi Sabah aliusoma kila mstari na kidole chini yake, kwa makini ya mtu ambaye masomo yake yalikatwa mapema, na hakuona haya kuchelewa. Aliporidhika aliweka sahihi yake katika fomu ya Alaa, akaikunja, akamkabidhi.

"Shoga," Bi Lamya akasema mlangoni, "Mungu anajua moyo wangu."

"Anajua," akajibu Bi Sabah. "Hilo ndilo la kuogopa."

Magharibi ilipoadhiniwa alitawadha, akatandika msala. Akanuia, akafunga sala, akaanza Fatiha: Alhamdulillahi. Hapo ikamkwama. Alianza tena, ikamkwama pale pale, kwa sababu ilikuja na unga kwenye pua na kicheko cha Bawshar. Sura anayoisoma mara kumi na saba kila siku tangu utotoni, leo ina mtu ndani yake. Alisimama muda mrefu, machozi yanaingia kwenye shela, mpaka Mola akampa njia, akaimaliza. Ilimchukua siku nyingi kabla hajaisoma tena bila kusita.

Bi Lamya alitimiza. Labda ni ile karatasi, labda ni moyo, Mungu ndiye ajuaye. Timu ya pili ya Kadi iliandikishwa siku mbili kabla ya mwezi kwisha, kamati ikahesabu tano, na Ustadh Saeed akaipeleka mitihani yake katika ukumbi wa mikutano. Katika wale kumi wa Rayhani aliyekuja kuaga alikuwa mmoja tu, akatiliwa sahihi, akabusiwa kichwani.

Jumamosi ya kwanza ya msimu, Kadi ndio waliokuja Wattaya. Basi lilikuwa lile lile jeupe. Wakateremka wasichana saba katika jezi za zamani zilizopauka. Wa nane alikuwa Alaa, ambaye hakuwa na mchezo siku ile. Alikuwa amelibeba lile bakuli. Mama yake alikuwa amelijaza biskuti za vileja, maana chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Alikwenda nalo mpaka mlango wa jikoni, akasimama nje ya pazia akilia kimya kimya.

"Pita ndani," akasema Bi Sabah. "Vua viatu. Osha yale masinia."

Alaa akapita. Nakabugo alimtazama kutoka juu mpaka chini, akampa sabuni. "Homa imeisha kabisa ama tuite daktari?" akamwuliza, na yule msichana akacheka na kulia kwa pamoja.

Mchezo uliisha Rayhani wakiwa wameshinda. Wasichana wakatandika mikeka. Bi Lamya, aliyekuwa amekaa kimya upande wa wageni muda wote, aliinuka, akaikunja abaya yake mkononi, akaja kama ajavyo siku zote, moja kwa moja, mkono wake umeshafika kwenye pazia la jikoni.

Bi Sabah alitokea kwa ndani. Alitabasamu, kwani kumnunia mgeni si katika tabia yake wala katika dini yake.

"Karibu ukumbini, Bi Lamya," akasema. "Mgeni haingii jikoni."

Ana kwa ana hakuwahi kumwita Bi. Bi Lamya alibaki na mkono pale pale kwenye pazia. Kisha akaushusha, akaenda akaketi juu ya mkeka pamoja na wageni. Sinia lake lilipelekwa la kwanza, nalo lilikuwa na nyama nzuri kuliko yote. Alikula kidogo kidogo, akashukuru kwa adabu, akanawa mikono.

Sinia liliporudi jikoni, Nakabugo alinong'ona. "Mama, amesema nini kuhusu chumvi?"

"Hakusema kitu."

Bi Sabah akafunua sufuria, akachota kijiko kimoja, akaonja. Chumvi ilikuwa haijafika.